Shauri la Wasichana 160 (Meru)

Shauri la Wasichana 160 ni kesi ya kikatiba iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Kenya mjini Meru tarehe 27 Mei 2013. Ndiyo kazi inayofahamika zaidi ya The Equality Effect, mtandao wa kimataifa wa wanazuoni na mawakili wa haki za binadamu. Mahakama iliamua kwamba polisi walivunja haki za watoto wa kike walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo.

Mtandao

The Equality Effect ulianzishwa na Fiona Sampson, mwanasheria wa Toronto, ukawakutanisha walimu wa sheria, mawakili na watetezi wa wanawake wa Kanada, Kenya, Ghana na Malawi. Mradi wake mwingine ulihusu ubakaji ndani ya ndoa, jambo ambalo Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006 haikulikataza. Mwaka 2017 ulitoka mkusanyo wa tafiti, The Right to Say No, uliohaririwa na Melanie Randall, Jennifer Koshan na Patricia Nyaundi.

Chimbuko

Shirika la Ripples International huendesha mjini Meru makao ya Tumaini, yanayowapa hifadhi wasichana walionajisiwa. Wengi walifika huko baada ya kupiga ripoti polisi bila mtuhumiwa kukamatwa. Mwaka 2010 mkurugenzi wa shirika, Mercy Chidi Baidoo, alihudhuria mafunzo ya haki za wanawake Toronto, akakutana na Sampson. Visa vya wasichana 160 vilikusanywa, wadogo kabisa wakiwa na umri wa miaka 3.

Kesi na hukumu

Ombi nambari 8 la 2012 liliwasilishwa tarehe 11 Oktoba 2012, siku dunia ilipoadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike. Walalamishi walikuwa wasichana 11, waliotajwa kwa herufi za majina ili kuwalinda, pamoja na Ripples International. Waliwashtaki mkuu wa polisi, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na waziri wa haki.

Walidai kwamba polisi walikataa kuandikisha malalamiko, waliwahoji watoto kwa kuwadhalilisha, na waliwataka walete mashahidi kwanza. Hoja hazikuishia kwenye sheria za Kenya. Watafiti wa mtandao walileta uamuzi wa Jane Doe wa mwaka 1998, ambapo mahakama ya Ontario iliwawajibisha polisi wa Toronto kwa uzembe na ubaguzi katika uchunguzi wa ubakaji. Katiba ya Kenya ya 2010 iliwafungulia njia ya kutumia pia sheria ya kimataifa: kifungu cha 2(6) kinaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya nchi.

Jaji J. A. Makau alikubaliana nao. Alisema ulegevu wa polisi ulijenga hali ya wakosaji kutoogopa adhabu, hivyo polisi nao walibeba lawama ya madhara yaliyowapata watoto. Aliamuru visa vya walalamishi vichunguzwe kwa haraka, kwa ufanisi na kwa weledi. Ni hukumu shupavu, na ushupavu wake ulitokana na ushahidi uliokusanywa kwa subira na watu wa Meru wenyewe.

Utekelezaji

Mtandao uliandaa mafunzo ya upelelezi kwa polisi wa Kenya. Filamu ya hali halisi kuhusu kesi hii, The Girls of Meru, ya Andrea Dorfman, ilitoka mwaka 2018.

Mikinduri na Tigania

Hukumu hii inawagusa pia watu wa Mikinduri, mji wa soko katika eneo la Tigania, kaunti ileile ya Meru. Katika maeneo ya aina hii, mzazi wa mtoto aliyenajisiwa huanzia kwa chifu au kituo cha polisi, kisha hupewa na polisi fomu ya P3 ya uchunguzi wa kitabibu, ijazwe hospitalini. Mara nyingi familia hushawishiwa kumaliza mambo nyumbani kwa fidia. Hukumu ya 2013 inampa mzazi huyo nguvu mpya: uchunguzi ni haki ya mtoto, na afisa anayeukataa anavunja Katiba.