Siku jina la Mungu lilipofutwa shuleni

Ibara ya 1 ya Katiba ya Kongo inasema kwamba dola letu halina dini. Ibara ya 74 ya Katiba hiyohiyo inamtaka rais aape mbele ya Mungu na mbele ya taifa. Wapo wanaoona hapo mgongano, na wapo ambao wangependa jina la Mungu liondolewe kwenye kiapo. Kabla ya kuamua, tukumbuke kwamba Butembo na Beni, miji yetu ya Kivu Kaskazini, ziliwahi kuishi chini ya serikali iliyojaribu kulifuta jina hilo shuleni.

Huku kwetu shule na kanisa vilikua pamoja. Mapadri wa shirika la Assomption walifika eneo la Beni mwaka 1929, na Wabaptisti wakajenga misheni Katwa, karibu na Butembo. Mtoto alifundishwa kusoma na kusali mahali pamoja. Jina la ubatizo liliungana na Kambale, Kasereka au Masika, majina ambayo Wanande wa huku huwapa watoto kwa kufuata zamu ya kuzaliwa.

Mwanzoni mwa 1972, Rais Joseph-Désiré Mobutu, aliyekuwa ameipa nchi jina la Zaire, akajiita Mobutu Sese Seko, na majina ya Kikristo yakapigwa marufuku. Kadinali Joseph Malula alipopinga, alitolewa katika makazi yake akaenda kuishi Roma kwa miezi kadhaa. Serikali ilisema inawarudishia Wazaire asili yao. Lakini Kambale na Masika hawakuwa wamepoteza majina ya mababu. Walikuwa wakiyabeba pamoja na ya ubatizo.

Mwaka 1974 mambo yakazidi. Krismasi ikaondolewa kwenye sikukuu za taifa. Mwisho wa mwaka ikatangazwa kwamba shule za makanisa zinachukuliwa na serikali. Somo la dini likafutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na uraia na siasa, yaani mafundisho ya MPR, chama pekee cha nchi. Misalaba na picha za Papa zikaamriwa zibaki ndani ya makanisa tu, na kwingineko ikatundikwa picha ya Mobutu. Wafuasi wa chama walifundishwa kuitikia kwa Lingala kwamba baba ni mmoja, mama mmoja, nchi moja, chama kimoja, kiongozi mmoja. Waziri Engulu akafika hadi kumfananisha Mobutu na masihi.

Kiapo cha taifa kisicho na maneno ya dini si dhambi. Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wote wana haki ya kuitumikia nchi bila kulazimishwa sala ya mwenzao. Zaire haikuwapa haki hiyo. Iliondoa ibada moja ikaweka nyingine, na aliyekataa ile mpya aliadhibiwa: mwaka 1986 chama cha Mashahidi wa Yehova, ambao hawakubali kusalimu bendera, kilifutwa.

Jaribio lenyewe halikudumu. Serikali ilishindwa kuziendesha shule, na Februari 1977 ikatia saini mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi wa shule hizo. Majina ya ubatizo yakarudi baada ya Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Katiba ya Februari 2006 inaweka pamoja dola lisilo na dini na kiapo kinachomtaja Mungu.

Hata hivyo, kiapo hicho kinataja mashahidi wawili. Tarehe 24 Januari 2019, Félix Tshisekedi aliapa Kinshasa mbele ya Mungu na taifa, ilhali Beni na Butembo hazikuwa zimepiga kura ya kumchagua rais. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeahirisha kura huko hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, na wapiga kura zaidi ya milioni moja, pamoja na wale wa Yumbi, magharibi mwa nchi, wakaachwa nje. Bunge likija kujadili maneno ya kiapo, wabunge wetu wasibishane juu ya shahidi wa kwanza peke yake. Wadai sheria inayokataza rais kuapa kabla ya kila eneo la nchi kupiga kura, kwa maana Beni na Butembo nazo ni taifa.