Kusoma Gari, Kupima Gari

Dereva wa pikapu ya dizeli akifika gereji husema mambo mawili kwa mkupuo: gari haina nguvu, halafu inakula mafuta. Fundi anaitikia, boneti inafunguliwa, spana zinaanza kulia. Hakuna aliyeuliza hiyo nguvu inapotea lini na wapi. Nami nashikilia kwamba swali hilo ni nusu ya tiba, na kwamba Kiswahili cha madereva kina majibu yake tayari.

Wasikilize wenyewe wakizungumza kijiweni. Mmoja atasema gari lake ni zito. Mwingine: linachelewa kuchanganya. Wa tatu: tambarare linavuta, mlima Kitonga linakataa. Wa nne: linamisi. Hayo ni maradhi manne. Gari zito ni lile ambalo hata ukitoa gia kwenye mteremko halitaki kuserereka; hapo injini haina kosa, breki zinabana, na ukisogeza kiganja karibu na rimu baada ya mwendo mfupi utaikuta moja inafuka joto kuliko nyingine. Linalochelewa kuchanganya linasubiri hewa: filta ya hewa imeziba, tabo imechoka au mpira wa hewa umepasuka. Linalokataa mlimani tu mara nyingi linanyimwa mafuta pale yanapohitajika mengi, kwa hiyo filta ya dizeli itazamwe kwanza. Linalomisi lina silinda moja isiyobeba sehemu yake ya mzigo. “Haina nguvu” inayameza yote hayo, na fundi aliyepewa kauli hiyo peke yake atabahatisha kwa fedha ya mwenye gari.

Malalamiko yale mawili huja pamoja kwa sababu ya tabia ya dizeli yenyewe. Injini ambayo Rudolf Diesel aliifanikisha mjini Augsburg mwaka 1897 haikuhitaji cheche: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yanayopulizwa humo. Kubana huko vitabu vinakuita mgandamizo, gereji inakuita kompresheni. Injini ile iligeuza karibu 26% ya joto la mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati wake hazikukifikia. Sasa, ukikanyaga pedali ya dizeli unaongeza mafuta. Hewa lazima iwepo ya kuyatosha. Ikipungua, mafuta yanabaki bila kuungua sawasawa na kutoka kwenye ekzosi kama moshi mweusi. Nguvu imepotea na mafuta yameliwa kwa wakati mmoja. Moshi wa bluu una habari nyingine, ya oili inayoungua.

Hilo neno “kula” nalo hupotosha kidogo, kwani linaitupia injini lawama kabla ya ushahidi. Tairi zenye upepo mdogo hula mafuta. Breki zinazobana hula. Na kuna desturi inayoniudhi kweli, ya kung'oa themostati ati gari lisichemshe. Injini hiyo huchelewa kupata joto lake, na safari fupi za mjini humalizika ikiwa bado baridi. Kompyuta inaendelea kuipa mafuta kama inavyozipa injini za alfajiri, na mwenye gari anakuja kulalamika kuhusu nozeli.

Hata kuchakachua mafuta kulituachia istilahi nzuri, vinasaba. Mafuta ya taa yalipokuwa na ushuru mdogo kuliko dizeli, wafanyabiashara waliyachanganya humo wapate faida. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Neno hilo la wanabiolojia likapata kazi ya pili kituo cha mafuta, nalo linafaa kabisa: ni alama ya asili isiyoonekana kwa macho. Kwa gari madhara ya kuchakachua ni makubwa, maana dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli, na katika injini za kisasa mafuta hayo husukumwa kwa presha inayozidi baa 1,000. Mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo.

Lakini neno linalonigusa zaidi ni kupima. Siku hizi “kupima gari” ni kuchomeka kifaa chini ya usukani na kutazama namba. Kwangu huko ni kusoma. Kifaa kikionyesha P0299, kinasema presha ya tabo haikufika ilikotakiwa, basi. Hakijasema tabo imekufa. Wapo walionunua tabo mpya kwa namba hiyo, kumbe mpira unaotoka intakula (kipoza hewa) ulikuwa na ufa upande wa chini, usioonekana injini ikiwa imezimwa, unaofunguka presha ikipanda na kuacha utando wa oili kuzunguka. Fundi mpimaji huushika mpira huo, anauminya, anaukunja, anaupitishia kidole.

Kupima kunadai kipimo. Kwa nozeli, njia ni rahisi na ya kuvutia kuitazama: mipira ya ritani inachomolewa, kila nozeli inaunganishiwa chupa yake yenye alama za ujazo, injini inaachwa ingurume bila kukanyagwa. Baada ya dakika chache chupa tatu zina dizeli kidogo, zinakaribiana. Ya nne imejaa kuliko zote. Nozeli hiyo inavujisha ndani kwa ndani, inarudisha tangini mafuta yaliyopaswa kubaki na presha, na ndiyo ya kufunguliwa kwanza. Zile tatu zifungwe zilivyokuwa.