Nasaba ya Watu na Nasaba ya Lugha: Kisandawe na Mipaka ya Ushahidi wa Vinasaba

Katika wilaya za Kondoa na Chemba, kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, na katika maeneo yanayozipakana, hukutana lugha za mafungu yote manne ambamo Greenberg (1963) aliziainisha lugha za Afrika: Kirangi na Kigogo za Kibantu, Kialagwa na Kiburunge za Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, na Kisandawe chenye konsonanti za kidoko. Makala haya yanalitumia eneo hili kujadili swali moja: je, vinasaba vya wazungumzaji vinaweza kuthibitisha asili ya lugha yao? Hoja yetu ni kwamba vinasaba hueleza nasaba ya watu, ilhali nasaba ya lugha haina budi kuthibitishwa kwa lugha yenyewe.

Greenberg alikiweka Kisandawe, pamoja na Kihadza cha bonde la Ziwa Eyasi, katika fungu moja na lugha za Khoisani za kusini mwa Afrika. Sifa inayovuta macho zaidi katika uainishaji huo ni vidoko. Hata hivyo, vidoko hukopwa. Kizulu na Kixhosa, ambazo ni lugha za Kibantu, zilivipata kwa ujirani. Kidahalo cha Kenya nacho kinavyo, ingawa huainishwa miongoni mwa lugha za Kikushi. Sands (1998) alipopima upya ushahidi, hakuona uthibitisho wa kutosha wa udugu huo. Leo wanaisimu wengi hukichukulia Kihadza kuwa lugha pweke. Dai lenye uzito zaidi lililosalia ni la Güldemann na Elderkin (2010), wanaokihusisha Kisandawe na lugha za Khoe kwa kuzingatia hasa mfumo wa viwakilishi.

Wanajenetiki waliingia katika mjadala huu kwa njia nyingine. Knight na wenzake (2003) walilinganisha kromosomu Y na DNA ya mitokondria ya Wahadzabe na ya Wasani wa kusini, wakakuta utengano wa kale mno, kisha wakapendekeza kuwa huenda vidoko ni urithi wa lugha ya awali ya binadamu. Tishkoff na wenzake (2007) waliwajumuisha Wasandawe. Walikadiria kuwa Wasandawe na Wahadzabe walikuwa na asili ya pamoja zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, na kwamba utengano wao na watu wa kusini unazidi miaka 35,000. Mbinu linganishi ya isimu hudhaniwa kupoteza nguvu baada ya miaka 10,000 hivi. Kwa hiyo tarehe hizo haziwezi kuthibitisha wala kukanusha udugu wa lugha. Pendekezo la Knight na wenzake husimama tu tukikubali kwanza kwamba katika muda wote huo hakuna jamii iliyokopa vidoko wala kuhama lugha.

Historia ya nyanda za kati haituruhusu kukubali hivyo. Mnyampala (1954) anazieleza koo za Kigogo kwa kutaja sehemu mbalimbali zilikotoka. Lugha ni moja, chimbuko la watu ni mengi. Vilevile, katika mabaki ya mtoto aliyezikwa Luxmanda, mkoani Manyara, miaka 3,100 hivi iliyopita, takriban asilimia 38 ya nasaba ilihusiana na wakulima wa kale wa Levanti (Skoglund na wenzake, 2017). Wafugaji hao huhusishwa na Kikushi, lakini mifupa haitaji lugha. Uhusiano huo hutegemea maneno ya Kikushi yaliyokopwa na lugha jirani. Uturuki ni mfano mwenza: Kituruki kilienea Anatolia kuanzia karne ya 11, ilhali sehemu kubwa ya nasaba ya Waturuki wa leo ni ya wenyeji waliokuwapo kabla yake.

Suala hili lina uzito kwa Wasandawe wenyewe. Mtoto wa Farkwa au Kwa Mtoro anayekua akizungumza Kiswahili pekee bado atabeba vinasaba vya wahenga wake, na sampuli yake itaweza kuchukuliwa hata baada ya karne moja. Viwakilishi vya Kisandawe, ambavyo ndivyo vinavyoweza kulipima dai la udugu na Khoe, vitapotea pamoja na wazungumzaji wa mwisho. Kwa sababu hiyo, sarufi, kamusi na matini za masimulizi ya Kisandawe zinapaswa kutangulia katika mipango ya utafiti wa asili ya watu wa eneo hili.