Williams na Teknolojia ya Kurejesha Nishati: Matarajio ya Timu Katika Kanuni Mpya za Formula 1

Timu ya mbio za magari ya Williams ya nchini Uingereza inaelekea msimu wa 2026 wa Formula 1 ikiwa na matumaini ambayo haijawahi kuwa nayo kwa miaka kadhaa. Katika msimu wa 2025 timu hiyo ilishika nafasi ya tano katika ubingwa wa watengenezaji kwa pointi 137, matokeo bora zaidi kwake tangu 2017. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imemaliza katika nafasi ya tisa kwa pointi 17.

Matumaini hayo yanakuja wakati ambapo mchezo huo unafanya mabadiliko makubwa ya kiufundi. Chini ya kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) zinazoanza kutumika 2026, takribani nusu ya nguvu ya gari inatakiwa kutokana na umeme, na sehemu kubwa ya umeme huo huvunwa na gari lenyewe likiwa barabarani. Kwa sababu hiyo, uwezo wa timu kukusanya nishati, kuihifadhi na kuitumia kwa wakati unaofaa unaweza kuamua nafasi yake katika msimamo.

Nishati inayopotea kwenye breki

Gari lenye uzito wa kilo 768, ambao ndio uzito wa chini unaoruhusiwa kwa msimu wa 2026, likienda kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa hubeba nishati mwendo ya takribani megajuli 2.7. Dereva anapofunga breki na kushusha kasi hadi kilomita 100 kwa saa kabla ya kuingia kwenye kona, takribani megajuli 2.4 kati ya hizo huondoka. Katika gari la kawaida, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka kuwa joto kwenye diski za breki na kupotelea hewani.

Mfumo wa kurejesha nishati huzuia sehemu ya upotevu huo. Mota ya umeme iliyounganishwa na mfumo unaoendesha magurudumu hugeuka kuwa jenereta wakati wa kupunguza mwendo. Inapozalisha umeme huweka ukinzani unaosaidia breki, na umeme huo hupelekwa kwenye betri. Gari linapotoka kwenye kona, mota ileile huchukua umeme kutoka kwenye betri na kuisaidia injini kusukuma gari.

Mwanzo wake katika Formula 1

FIA iliruhusu mfumo huo kwa mara ya kwanza katika msimu wa 2009, ukijulikana kwa kifupi kama KERS. Kiwango cha juu kilikuwa kilowati 60, sawa na takribani nguvu za farasi 80, na dereva aliruhusiwa kutumia kilojuli 400 kwa kila mzunguko. Kiasi hicho kilitosha kwa chini kidogo ya sekunde 7.

Timu nne, yaani Ferrari, McLaren, Renault na BMW Sauber, ziliutumia katika mashindano ya mwaka huo. Lewis Hamilton wa McLaren aliandika historia mwezi Julai 2009 nchini Hungaria kwa kuwa dereva wa kwanza kushinda mbio za Formula 1 kwa gari lenye mfumo huo. Hata hivyo, ubingwa ulichukuliwa na Brawn GP, timu ambayo haikuutumia kabisa. Mfumo uliongeza uzito na kuwanyima wahandisi uhuru wa kupanga mizani ya gari, na kwa timu nyingi faida yake haikufidia gharama hiyo. Mwaka 2010 timu zilikubaliana kutoutumia, kisha ukarejea mwaka 2011.

Usalama nao ulikuwa changamoto tangu mwanzo. Mwezi Julai 2008, wakati wa majaribio katika uwanja wa Jerez nchini Hispania, fundi mmoja wa BMW Sauber alipigwa na umeme baada ya kugusa gari lililokuwa limerejea kwenye kituo cha matengenezo. Tahadhari za umeme wa volti kubwa zimekuwa sehemu ya kazi ya kila siku. Mafundi huvaa glavu maalumu, na magari huwa na taa inayoonyesha iwapo ni salama kuguswa.

Njia tofauti ya Williams

Williams ilianzishwa mwaka 1977 na Frank Williams pamoja na mhandisi Patrick Head. Imetwaa ubingwa wa watengenezaji mara 9, wa kwanza mwaka 1980 na wa mwisho mwaka 1997, na imeshinda mbio 114. Ushindi wake wa mwisho ulipatikana nchini Hispania mwaka 2012 kupitia Pastor Maldonado.

Wakati timu nyingine zilipochagua betri kwa ajili ya msimu wa 2009, Williams ilichagua njia nyingine. Mwaka 2008 ilinunua sehemu ya hisa za kampuni changa iliyokuwa ikitengeneza gurudumu la kuhifadhi nishati, na kampuni hiyo baadaye ikaitwa Williams Hybrid Power. Badala ya kuhifadhi umeme kwa njia ya kemikali kama betri ifanyavyo, mfumo huo uliuhifadhi kwa kuzungusha gurudumu kwa kasi kubwa sana ndani ya chombo kilichofungwa. Umeme uliotoka kwenye breki uliongeza kasi ya gurudumu, na nguvu ilipohitajika gurudumu lilipunguza kasi na kuurudisha umeme.

Faida ya njia hiyo ilikuwa uwezo wa kupokea na kutoa nishati nyingi kwa muda mfupi, mara nyingi, bila kuchakaa haraka. Kikwazo kilikuwa nafasi. Kuanzia mwaka 2010 kujaza mafuta katikati ya mbio kulipigwa marufuku, matangi yakawa makubwa, na nafasi ya kuweka gurudumu hilo ikapungua. Gurudumu la Williams halikuwahi kutumika katika mbio za Formula 1, na KERS iliporejea mwaka 2011 timu hiyo ilitumia betri.

Nje ya Formula 1, hata hivyo, teknolojia hiyo ilizaa matunda. Porsche iliitumia katika gari la 911 GT3 R Hybrid mwaka 2010, ambapo gurudumu lilizunguka hadi mara 40,000 kwa dakika. Gari hilo lilikuwa likiongoza mbio za saa 24 za Nürburgring nchini Ujerumani mwaka huo kabla ya kuharibika injini zikiwa zimesalia chini ya saa mbili. Mwaka 2012 Audi R18 e-tron quattro, iliyobeba gurudumu lililotoka Williams, ikawa gari la kwanza lenye injini na mota ya umeme kushinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa. Mwaka 2014 kampuni ya GKN iliinunua Williams Hybrid Power, na mifumo ya aina hiyo ikaagizwa kwa ajili ya mabasi ya abiria nchini Uingereza. Basi la mjini husimama na kuondoka mamia ya mara kwa siku, hivyo kila kituo ni nafasi ya kuvuna nishati na kupunguza matumizi ya dizeli.

Funzo la 2014

Mwaka 2014 Formula 1 iliingia katika enzi ya injini za lita 1.6 zenye silinda 6 na turbo. Mota ya kuvuna nishati ya breki iliongezwa uwezo hadi kilowati 120, na mota ya pili ikaunganishwa na turbo ili kuvuna nishati ya moshi wa injini. Mafuta kwa kila mbio yaliwekewa ukomo wa kilo 100.

Mercedes ilijiandaa mapema kuliko wapinzani wake. Ilishinda mbio 16 kati ya 19 za mwaka huo, kisha ikatwaa ubingwa wa watengenezaji kwa misimu minane mfululizo hadi 2021. Williams, iliyokuwa imehamia kwenye injini za Mercedes, ilipanda kutoka nafasi ya tisa mwaka 2013 hadi ya tatu mwaka 2014. Lakini injini nzuri peke yake haikutosha. Gari lilipobaki nyuma katika maeneo mengine timu iliporomoka, na mwaka 2020 familia ya Williams iliuza timu hiyo kwa kampuni ya uwekezaji ya Dorilton Capital ya Marekani.

Kanuni za 2026

Katika kanuni mpya, mota inayovuna joto la moshi imeondolewa. Mota ya breki imeongezwa uwezo kutoka kilowati 120 hadi 350, huku nguvu ya injini ya mafuta ikishushwa hadi takribani kilowati 400. Mafuta yenyewe yanatakiwa kuwa ya aina endelevu.

Ugumu wa hesabu uko hapa. Tofauti kati ya betri iliyojaa na iliyoisha inaruhusiwa kufikia megajuli 4. Mota ikitumia kilowati 350 kwa ukamilifu, kiasi hicho humalizika kwa takribani sekunde 11. Ili kuvuna megajuli 8.5 kwa mzunguko mmoja, mota inahitaji kufanya kazi ya jenereta kwa uwezo wake wote kwa takribani sekunde 24, muda ambao ni mrefu kuliko ule wa kufunga breki katika viwanja vingi. Dereva hulazimika kuachia kanyagio mapema kabla ya kona, au injini kuendesha jenereta hata gari likiwa kwenye mwendo. Atakayetumia umeme wake vibaya atajikuta mwishoni mwa barabara iliyonyooka akitegemea injini ya mafuta pekee.

Matarajio na vikwazo

Williams ina sababu tatu za kutarajia mema. Kwanza, itaendelea kutumia injini za Mercedes chini ya mkataba unaofika angalau mwaka 2030. McLaren, inayonunua injini hizohizo, ilitwaa ubingwa wa watengenezaji mwaka 2024 na 2025, jambo linaloonyesha kuwa timu isiyotengeneza injini yake inaweza kushinda. Pili, inao madereva wazoefu, Alexander Albon na Carlos Sainz. Sainz alimaliza wa tatu nchini Azerbaijan na Qatar mwaka 2025. Tatu, uongozi wa James Vowles, aliyetoka Mercedes mwaka 2023, uliamua kuelekeza nguvu mapema kwenye gari la 2026.

Vikwazo navyo vipo. Anayetengeneza injini hujua mapema umbo lake, joto lake na mahitaji yake ya kupoozwa, wakati mnunuzi hupanga chasisi yake kwa taarifa anazopewa. Kiwanda cha Grove pia kilikuwa kimebaki nyuma kwa mifumo ya kazi. Mwaka 2024 Vowles alieleza kuwa orodha ya takribani vipuri 20,000 vya gari ilikuwa ikitunzwa kwenye jedwali la kawaida la kompyuta. Ukomo wa matumizi ya fedha, ulioanza mwaka 2021 kwa dola milioni 145 za Marekani, unazuia timu tajiri kuwaacha wengine mbali, lakini pia unapunguza kasi ya anayejaribu kufidia miaka iliyopotea.

Uzoefu wa Afrika Mashariki

Wapenzi wa mbio za magari wa Afrika Mashariki wameishuhudia teknolojia hii kwa karibu. Kati ya 2022 na 2024, magari ya daraja la juu yaliyoshiriki Safari Rally nchini Kenya yalibeba mota za umeme za kilowati 100, na Toyota ilishinda mbio hizo katika miaka yote mitatu. Mfumo huo uliondolewa kuanzia 2025. Formula 1 imechagua mwelekeo wa kinyume kwa kuuongeza uzito wa umeme karibu mara tatu. Kwa Williams, iliyowekeza katika kurejesha nishati tangu 2008 na kuona wengine wakishinda kwa gurudumu lake, msimu wa 2026 ni nafasi ya kuanza upya ikiwa na kifaa kilekile walicho nacho mabingwa.