Mbwa wako anajikuna sana? Usimpake oili chafu

Mbwa akianza kujikuna mchana na usiku, wengi hukimbilia kumpaka oili chafu ya gari. Acha kabisa. Mbwa hujilamba, kwa hiyo oili hiyo inaishia tumboni, na ngozi iliyochubuka nayo hupitisha sumu yake.

Fanya hivi:

• Kagua masikio, shingo, kwapa na katikati ya vidole. Tafuta kupe na viroboto. Ukiona chembe nyeusi, ziweke kwenye karatasi yenye maji: zikiacha wekundu, ni kinyesi cha viroboto.

• Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya mbwa. Iache dakika 5 hadi 10, suuza hadi povu liishe, kisha mkaushe.

• Fua matandiko yake kwa maji ya moto, maana mayai ya viroboto hubaki humo.

• Usimpe parasetamoli wala ibuprofeni ya watu. Zinaweza kumuua.

Ukiona usaha, harufu mbaya au manyoya yananyonyoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kuna upele wa mbwa unaoambukiza binadamu, hivyo vaa glavu unapomshika, na watoto wakae mbali hadi atibiwe.