Walipofanya Shamba Kuwa Adhabu

Wangari Maathai tunamjua kwa picha tatu nne hivi. Ile ya kitambaa kichwani na kicheko kikubwa, mikono imejaa udongo. Ile ya 1989, alipopigana na serikali nzima ili jengo la ghorofa 60 lisisimamishwe Uhuru Park. Ile ya Oslo, 2004, akipokea Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Halafu kuna barabara yake, ile ambayo makanga mpaka leo anaiita Forest Road.

Mimi nataka tuongee kuhusu picha ambayo haibandikwi popote: Wangari wa miaka 11, mwaka wa 1951, ndani ya bweni la shule ya wasichana ya misheni kule Nyeri.

Sababu ni hii. Siku hizi kila mtu anayeongea kuhusu elimu anaimba wimbo mmoja. Masomo yashikane. Kilimo kiongee na sayansi, lugha iongee na historia, mtoto ajifunze kwa mikono, shule iwe jamii. CBC iliingia 2017 na maneno hayo hayo, na watu wanayataja kana kwamba yameshuka juzi kutoka mbinguni. Kwani shule za misheni zilikuwa zinafanya nini? Msichana alikuwa anasali asubuhi, anasoma hesabu na Kiingereza, halafu kabla ya siku kuisha ameshika ufagio, sindano au jembe. Kila kitu kilikuwa kwa sufuria moja. Swali ni nani alikuwa anashika mwiko.

Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, kwa hivyo msinitarajie niandike kama lekchara. Lakini hii hadithi nimeisoma mara nyingi, na kila mara inanikamata mahali pamoja.

Tuanze Ihithe, kijijini kwao, kabla ya bweni. Mama yake alimwonyesha mugumo uliokuwa karibu na kijito na kumwambia asiwahi kuokota kuni chini ya mti huo, kwa sababu ni mti wa Mungu. Pale kijitoni Wangari alikuwa anacheza na mayai ya vyura, akidhani ni shanga, anajaribu kuyainua yavaliwe shingoni na yanamponyoka. Hiyo ndiyo ilikuwa nasari yake. Dini, maji, wadudu na heshima kwa mama, yote kwa kipindi kimoja, na hakuna mtu aliyekuwa na jina la somo hilo.

Kuenda shule kwenyewe kulitokana na swali. Kaka yake mkubwa aliuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wao wengine. Mama akafikiria, akasema ni sawa, aende. Unajua ni familia ngapi za miaka ya arobaini zingemjibu huyo kijana vingine? Msichana alikuwa mikono ya kazi nyumbani. Mama ambaye hakuwa na karo ya kuchezea alikubali kupoteza hiyo mikono.

Akiwa na miaka 11 akapelekwa St. Cecilia's, shule ya bweni katika misheni ya Kikatoliki ya Mathari, chini ya masista wa Consolata, wengi wao Waitaliano. Na hapa sitaki kuwa mtu wa kurusha mawe tu. Wangari mwenyewe aliwaongelea hao masista kwa upendo hadi uzeeni. Walikuwa wameacha nyumba zao mbali huko, wakaja kuangalia watoto wa watu wasiowajua, wakawauguza wakiwa wagonjwa. Hapo ndipo alijiunga na Lejio ya Maria (chama cha sala na huduma ndani ya Katoliki, msichanganye na kanisa la Legio Maria), na wazo kwamba unamtumikia Mungu kwa kumtumikia mtu aliye mbele yako lilimwingia hapo. Ukiangalia maisha yake yote baadaye, hilo wazo halikutoka.

Bweni pia lilimficha. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Nje ya ukuta wa shule watu walikuwa wanafungwa, wanahamishwa kwa nguvu, vijiji vinazungushiwa mitaro. Mama yake mwenyewe alihamishiwa kwenye kijiji cha hali ya hatari. Ndani, wasichana walikuwa wanasali Mau Mau washikwe. Soma hiyo sentensi tena. Msichana wa Kikuyu, kwao kumewekwa kambi, yuko kwa magoti anaombea wapiganaji washikwe, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kwamba hao ni nani. Akiwa na miaka 16, likizo moja akienda kuona baba yake Nakuru, yeye mwenyewe alishikwa na kuwekwa kambini siku mbili. Jamii ya shule ilikuwa kweli jamii. Ilikuwa tu imekatwa kutoka kwa ile nyingine.

Sasa tufike pale mimi hukwama.

Pale shuleni kulikuwa na kitufe. Wasichana waliita "monita". Ukipatikana unaongea lugha ya kwenu badala ya Kiingereza, unavaa, na kina maneno ya kukutangaza kuwa mjinga. Kazi yako sasa ni kusikiliza wenzako mpaka umnase mwingine, umpachike. Jioni, aliyebaki nacho anaadhibiwa. Na adhabu ilikuwa gani? Kukata nyasi. Kufagia. Kufanya kazi shambani.

Wale mliosoma shule za Kenya hamuhitaji nielezee. Sisi primary tulikuwa na kibao chenye kamba, tukikiita diski, na nilijifunza kunong'ona kwa lugha ya nyanya yangu kama mtu anayeuza bangi. Sekondari nilichimba kisiki siku mbili kwa sababu ya kuchelewa. Hakuna mwalimu aliyeniambia kisiki hicho ni cha mti gani, kwa nini ulikatwa, au kwa nini mizizi yake ilikuwa imeenda chini hivyo. Kisiki hakikuwa na somo. Kisiki kilikuwa cha kukukomesha.

Kwa hivyo angalia hiyo shule ilivyopanga dunia. Kiingereza, sayansi na sala ziko upande wa kuinuliwa. Lugha ya mama na udongo ziko upande wa aibu, tena zimefungwa pamoja: ukiongea ya kwenu, unaenda shambani. Hakuna aliyeandika hilo kwenye ratiba. Lakini mtoto wa miaka 11 anaelewa haraka kuliko anavyoelewa desimali. Hakuna kitu cha maana kinachofanyiwa mahali unapotumwa ukiwa umekosea.

Kutoka hapo alimaliza akiwa wa kwanza darasani, 1956, akaenda Loreto Limuru, kwa masista wengine, hawa kutoka Ireland. Huko nako kuna kitu kidogo nakipenda sana. Kulikuwa na sista mwalimu wa sayansi ambaye baada ya kipindi alikuwa anamwita amsaidie kuosha visahani na mirija ya maabara. Kazi ya mikono pia, ukiangalia. Maji, sabuni, kusugua. Lakini hii haikuwa adhabu, ilikuwa njia ya kubaki karibu na mtu anayejua kitu, huku mnapiga stori kuhusu kile kilichokuwa kwenye hicho kisahani. Kuosha vyombo kulimpeleka bayolojia. Kazi ni ile ile, kuinama na kusugua. Kilichobadilika ni jinsi alivyoitwa kuifanya.

Alipomaliza Loreto 1959, msichana Mwafrika aliyesoma alikuwa anategemewa awe mwalimu au nesi, basi. Yeye akaingia kwenye ule mpango wa ndege wa 1960 uliopeleka karibu Wakenya 300 Marekani, akasoma bayolojia kwenye chuo kingine cha wasichana chini ya masista, Mount St. Scholastica, Kansas. Akapata shahada ya pili Pittsburgh. Mwaka wa 1971 akapata ya uzamifu hapa Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki. Hii sehemu mnaijua, iko kwa vitabu vya shule.

Isiyo kwa vitabu ni kupe.

Miaka ya sabini alikuwa anafanya utafiti kuhusu kupe wanaoeneza ugonjwa wa ndigana kwa ng'ombe. Akienda mashambani kukusanya kupe, akaona mambo ambayo hayakuwa kwa utafiti wake. Ng'ombe wamekonda. Mto umekuwa kahawia kwa udongo. Watu wenyewe hawana nguvu. Wakati huo huo kwenye Baraza la Kitaifa la Wanawake, akina mama wa mashambani wanataja shida zao: kuni hakuna, maji safi hakuna, chakula chenye lishe hakuna, pesa hakuna. Kisha ripoti inakuja kwamba watoto wa Mkoa wa Kati wana utapiamlo. Mkoa wa Kati, manze! Ardhi ile yenye rutuba yote. Kumbe mashamba yamejaa chai na kahawa, miti imeisha, kuni zimekuwa mbali, na mama asiye na kuni hapiki maharagwe ya saa tatu. Anapika mkate na chai.

Mwanasayansi mzuri angerudi kwa kupe wake. Yeye aliona kwamba ugonjwa wa mtoto, bei ya kahawa, sera ya mkoloni, tope la mto na mguu wa mama anayetafuta kuni ni kitu kimoja. Alikuwa ameenda Ihithe baada ya Marekani akakuta ule mugumo umekatwa, na kijito kimekauka, na vyura hawako. Mizizi ya mugumo ndiyo ilikuwa inapasua mwamba na kuacha maji yapande. Mama yake alikuwa amempa hiyo sayansi akiwa mdogo, ila ilikuwa imevaa nguo ya dini.

Juni 5, 1977, wakapanda miti saba Kamukunji, na Green Belt ikaanza. Maafisa wa misitu waliitwa waje kuwafundisha akina mama kukuza miche. Wakaja na mwinuko wa ardhi, upande jua linakoingilia, kina cha kitalu, aina ya changarawe. Akina mama wakatazamana. Hawa ni watu wamepanda maharagwe na mahindi tangu wazaliwe! Wangari akawaambia watumie akili zao, mbegu ni mbegu. Wakatumia vyungu vilivyovunjika na makopo. Wakachunguza ni miti gani inaangusha mbegu lini. Wakahesabu, wakaandika, wakalipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika. Bayolojia, hesabu, uwekaji rekodi na biashara, na wengi wao hawakuwahi kukaa kwa dawati. Kufika 2004 miti ilikuwa imepita milioni 30.

Na kulikuwa na semina. Hapo watu waliulizwa wataje shida zao, wanajaza karatasi baada ya karatasi, halafu wanaulizwa zimetoka wapi. Wengi wanasema serikali. Wangari akawaletea mfano wa mtu aliyepanda basi lisilo lake: mbona ulipanda? Uliogopa kuuliza? Ulidanganywa? Hukujua kusoma? Kutoka hapo mnaongea historia, siasa, mila, mmomonyoko wa udongo, kwa lugha ambayo kila mtu aliyekaa pale anaiota. Hizo semina ziliitwa Kwimenya. Ni Kikuyu, maana yake kujijua.

Neno hilo hilo, likitamkwa Mathari mwaka wa 1952 karibu na sikio baya, lingekuvisha kitufe na kukupeleka shambani.

Ndiyo maana sinunui hadithi rahisi, ile ya "misheni ilimtengeneza Wangari", wala ile ya kinyume, kwamba alifanikiwa licha yao. Walimpa vipande vizuri, kimoja kimoja, na moyo wa kuvitumia kwa watu. Gundi ndiyo waliitupa kwenye pipa la adhabu. Akarudi kuiokota akiwa na karibu miaka 40 na PhD. Wangapi wa bweni lake hawakurudi? Na wangapi walisoma vizuri, wakapata kazi nzuri, na hawajawahi tena kugusa udongo bila kuhisi wamekosea?

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo nzima ili tupande miti. Nilienda. Vijana wa rika langu walishika jembe kama mtu amepewa simu ya polisi.

Binamu yangu yuko Gredi ya 10, shule ya wasichana, bodingi. Katika ile mikondo mitatu yeye yuko STEM, anataka mambo ya mazingira, na ukimwanzisha kuhusu kaboni hamalizi. Siku ya wazazi nilimuuliza shamba la shule liko wapi.

"Nyuma ya jikoni," akasema. "Huko ndiko tunapelekwa tukichelewa."

"Sukuma zinakua?"

"Sijui. Nikiwa huko huwa naangalia saa."