Anwani Batili ya Kumbukumbu Katika Seva ya Pamoja

Haipavaiza ni programu inayogawa seva moja kuwa mashine pepe kadhaa, kila moja ikiwa na eneo lake la kumbukumbu. Tuchukulie kuwa halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zinatumia seva moja. Mashine pepe ya Bunda ikiomba anwani isiyokuwapo, haipavaiza hukagua mipaka, hukataa ombi na kuirejeshea taarifa ya hitilafu. Ni kama barua yenye namba ya nyumba isiyokuwapo: hurudishwa kwa mtumaji, posta haifungwi. Ikishindikana, husimamishwa mashine hiyo pekee. Bila ukaguzi huo, seva nzima ingeweza kuzimika, au taarifa za wananchi wa Butiama zikasomwa na mashine isiyohusika.

Serikali mtandao nchini husimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), chini ya Sheria Na. 10 ya Mwaka 2019.